Mtoto wa Mungu au kibarua wa Mungu? Uzi wa vitendo

Fundi_wa_Neno (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wale wa "Tumsifu Yesu Kristo", salamu yenu ndiyo hiyo.

Kuna sentensi imesemwa mpaka imepoteza makali: "mimi ni mtoto wa Mungu". Iko nyuma ya daladala, iko kwenye kanga, iko kwenye "status" za watu. Naleta uzi tuijadili kwa vitendo. Mtu anaishije kama mtoto Jumatatu hadi Jumamosi, na watu wanakwama wapi?

Naanza na Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, kwa sababu pale kuna neno ambalo tafsiri yetu imelilainisha. Yule mdogo akiwa kwa nguruwe anapanga maneno yake kwa vipande vitatu: nimekosa; sistahili kuitwa mwana wako tena; nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Biblia yetu ya Union inasema "watumishi", lakini Kigiriki kina *misthioi*, watu wa kulipwa kwa kazi ya siku. Vibarua. Mtumwa wa nyumbani analala humo na kula humo. Kibarua anakuja asubuhi, jioni anapewa chake, kesho huenda asiitwe. Sasa tazama mstari wa 21. Anatoa kipande cha kwanza, anatoa cha pili, cha tatu hakitoki. Baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Lile ombi la ukibarua halikusikilizwa kabisa.

Na kaka mkubwa? Mstari wa 29: "nimekutumikia miaka mingapi hii". Kitenzi alichotumia ni cha mtumwa. Anahesabu miaka, anahesabu amri, anahesabu hadi mwana-mbuzi. Hajawahi kuondoka nyumbani, lakini anaongea kama mtu anayedai malimbikizo ya mshahara. Kwa hiyo ukibarua una sura mbili. Kuna anayejiona hafai, na kuna anayejiona anadai. Wa pili ndiye aliyejaa kwenye kamati zetu za kanisa, lakini hilo tuliache kidogo.

Kipimo changu ni hiki: usijipime siku uliyokesha kwenye maombi. Jipime saa ya kwanza baada ya kuanguka. Kibarua aliyeharibu kazi hujificha mpaka bosi apoe, au hufanya kazi ya ziada kwanza ndipo ajitokeze. Ukidanganya mtu saa nne asubuhi, kisha ukakaa hadi Alhamisi hujaomba kwa kuwa "bado sijisikii msafi", ujue uko kwenye orodha ya vibarua. Mwana anarudi akiwa bado ananuka nguruwe.

Saa hiyo fanya hivi. Taja kosa kwa jina lake: "nimemwambia mteja mzigo umeshatoka na haujatoka", usiseme "nisamehe makosa yangu yote". Soma 1 Yohana 1:9 na usimame kwenye neno "wa haki". Haisemi Mungu anasamehe kwa kuwa leo ameamka vizuri. Anasamehe kwa haki, kwa sababu deni limelipwa na Kristo. Kisha mpigie mteja simu. Halafu urudi kwenye kazi uliyokuwa unafanya. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka, wanajipangia adhabu ya siku tatu za huzuni, kana kwamba msalaba ulibakiza salio.

Kijana_wa_Kwaya

Asante kwa bandiko, mkuu. Swali: hivi si binadamu wote ni watoto wa Mungu? Mbona tunajitenga?

Msomi_Pembeni

@Kijana_wa_Kwaya, yapo mambo mawili na Biblia inayatenga. Matendo 17:28, Paulo akiwa Athene anakubali kwamba sote "tu wazao wake". Huo ni uumbaji, hakuna binadamu aliye nje yake, na ndiyo sababu huruhusiwi kumdharau mtu yeyote. Lakini Yohana 1:12 inasema waliompokea ndio waliopewa "uwezo wa kufanyika" watoto wa Mungu. Neno "uwezo" pale ni *exousia*, yaani mamlaka, haki ya kisheria. Mtu hapewi haki ya kuwa kitu ambacho tayari alikuwa nacho.

Paulo ana neno lake, *huiothesia*, kufanywa wana. Limo mara tano tu: Warumi 8:15, 8:23 na 9:4, Wagalatia 4:5, Waefeso 1:5. Ni neno la sheria. Sisi Bongo tunasema kuasili mtoto, Wakenya wanasema mtoto wa kupanga (ukimwambia Mtanzania "mtoto wa kupanga" atauliza kodi ni shilingi ngapi). Tofauti ni kwamba sisi tukisikia kuasili tunawaza mtoto mchanga asiye na wazazi. Warumi wengi walioasiliwa katika familia kubwa walikuwa watu wazima, na shabaha ilikuwa jina na urithi. Tiberio, huyo Kaisari wa Luka 3:1, aliasiliwa na Augusto mwaka 4 BK akiwa na miaka zaidi ya 40. Dinari zake zinamtaja kuwa "mwana wa Augusto", na hakuna mahali palipochongwa "wa kuasiliwa". Ukishafanywa mwana, unaitwa mwana. Basi.

Kwa hiyo anayesema "mimi ni mtoto wa Mungu ila si kama fulani aliyezaliwa kwenye familia ya wachungaji" hajaelewa karatasi aliyosainiwa.

Katekista_Zamu

Nakubaliana na Msomi, naongeza jambo ambalo ndugu zetu wa makanisa ya kiroho hulipita haraka. Kwetu Wakatoliki, na hata kwa Walutheri, jina hilo mtu hulipokea katika ubatizo. Ana tarehe. Kadi ya ubatizo ina siku, padre na msimamizi. Faida ya tarehe ni kwamba haitegemei unavyojisikia leo. Luther katika Katekisimu Kubwa ya 1529 anasema dhamiri ikikushitaki uijibu: lakini mimi nimebatizwa. Kitendo: tafuta tarehe yako, iandike ndani ya jalada la Biblia, na mwaka huu iadhimishe hata kwa chai na mandazi. Wengi wanajua siku ya kuzaliwa, ya ubatizo hawaijui.

Mpentekoste_Halisi

Mtumishi Katekista, kwa heshima, wapo waliobatizwa wakiwa wachanga na leo hata Baba Yetu hawaijui. Karatasi bila imani ni karatasi.

Katekista_Zamu

Ni kweli, na Kanisa halijasema vinginevyo. Ndiyo maana kuna katekesi na kipaimara. Ila na wewe kubali kwamba wapo waliookoka mara tisa, kila mkutano wa injili wanapita mbele tena kwa sababu ile ya mwezi uliopita haikuwa na machozi ya kutosha.

Mpentekoste_Halisi

😂 Hapo umenipata. Nawajua.

Fundi_wa_Neno

Wote wawili mnaangalia kosa lile lile kwa madirisha mawili. Yohana anatoa ishara ya tatu ambayo haina ubishi wa dhehebu, 1 Yohana 3:10: asiyetenda haki na asiyempenda ndugu yake hatokani na Mungu. Jirani yako ndiye msomaji wa kadi yako.

Binti_Mzalendo

Shikamooni wakubwa. Nina swali la vitendo. Tunafundishwa kila asubuhi tukiri: "mimi ni kichwa wala si mkia, mimi ni mshindi, mimi ni mteule". Wengine wanakiri mara mia. Mbona maisha hayabadiliki?

Fundi_wa_Neno

Marahaba. Ukiri haujakosea kuwepo, umekosewa muundo. Sentensi hizo zimenyofolewa kwenye aya zake. "Kichwa wala si mkia" ni Kumbukumbu 28:13, na mstari huo huo una sharti la kusikiliza maagizo ya Bwana. Ukitoa sharti unabaki na kaulimbiu.

Waefeso ni karakana nzuri ya kurekebisha hili. Sura 1 hadi 3 karibu zote ni habari ya alichofanya Mungu. Amri iliyo wazi mle ni moja tu, 2:11, na amri yenyewe ni "kumbukeni". Kisha kuanzia 4:1 maagizo yanamiminika: vueni uongo, mwibaji asiibe tena, jua lisichwe mkiwa na uchungu, mkasameheane. Mpangilio huo ndio siri yenyewe. Kibarua anaanza sura ya 4 ili apate sura ya 1. Mtoto anapokea sura ya 1 ndipo anaweza kuibeba sura ya 4.

Chukua daftari la kawaida, piga mstari katikati. Kushoto andika "Alichofanya", kulia "Ninachoambiwa". Soma barua yote kwa sauti, ni kama dakika ishirini tu. Halafu kila agizo la kulia lichoree mshale kwenda kwenye sababu yake kushoto. Mfano 4:32, kusameheana kulia. Kushoto 1:7, masamaha ya dhambi kwa damu yake. 5:1 ina vyote viwili kwa pumzi moja: "mfuateni Mungu, kama watoto wanaopendwa". Agizo ambalo hulipatii mshale, usilifanye kwa kukaza meno. Rudi usome tena.

Sasa ukiri wako wa asubuhi uwe mmoja, wenye vipande vitatu: aya, sababu, na tendo la leo lenye saa. "Nimesamehewa, Waefeso 1:7, kwa damu yake; basi leo saa saba mchana nampigia fulani ambaye simu zake nazikwepa." Huo mmoja unazidi ule wa mara mia.

Mama_Jumuiya

Wanangu, mnasema vizuri lakini mmeruka shimo. Kuna mtu neno "baba" likitajwa tumbo linamkaza. Baba alikuwa mlevi, au alipiga, au hakuwahi kuonekana. Mnamwambia "mwite Mungu Baba", anaona fimbo.

Msomi_Pembeni

Mama, shikamoo. Umegusa penyewe. Kosa la kufundishia ni kuanzia chini kwenda juu: "Mungu ni kama baba yako, ila mkubwa zaidi." Kwa mtu huyo hiyo ni habari mbaya. Waefeso 3:14-15 inaanzia juu: ubaba wote unapata jina kwake. Baba wa duniani ni nakala, na nakala inaweza kuharibika kabisa bila asili yake kuharibika.

Namna ya kumsaidia: msianze na wimbo wa kulia. Mchukueni katika Injili ya Yohana, ambamo Mungu anaitwa Baba zaidi ya mara mia, na karibu kila mara ni Yesu anayemzungumzia. Sura ya 5, 14 na 17 zinatosha kwa mwezi mzima. Kila mkutano aandike jambo moja tu: Baba huyu amefanya nini hapa? Anampenda Mwana, anamwonyesha kazi zake, hamwachi peke yake. Picha mpya inajengwa polepole kwa vitendo, kama tofali. Mpeni pia Zaburi 27:10, mtu aliyeachwa na baba na mama. Na Isaya 66:13, ambapo Mungu anafariji kama mama anavyomfariji mtu. Aya hiyo ipo, tusiogope kuisoma.

Na msimlazimishe kwenda "kupatana" na aliyemdhuru kama sharti la kuwa mtoto mzuri wa Mungu. Kama madhara bado yanaendelea nyumbani, kazi ya kwanza ni usalama: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi. Maombi yanaendelea huku mtoto akiwa mahali salama.

Mama_Jumuiya

Marahaba mwanangu. Hilo la mwisho lisemwe hata madhabahuni.

Bosi_wa_Upako

Mbona mnazunguka? Mtoto wa Mfalme anaishi kifalme. Haugui, hadaiwi, hapandi daladala. Tumerithi! Warumi 8:17 iko wazi.

Katekista_Zamu

Iko wazi, ila uimalize: "naam, tukiteswa pamoja naye ili tutukuzwe pamoja naye pia." Mrithi mwenzako, Kristo, amelazwa horini na amezikwa kaburi la kuazima.

Fundi_wa_Neno

Halafu shuka hadi 8:23. Paulo huyo huyo anasema bado *tunatazamia* kufanywa wana, "yaani, ukombozi wa mwili wetu". Kufanywa wana kuna awamu mbili. Jina tumeshapewa, mwili bado. Kwa hiyo presha, sikoseli na kisukari si ushahidi kwamba hujawa mtoto. Paulo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakumwandikia kuwa ana imani ndogo.

Hili si ubishi wa kitabuni. Mtu akiambiwa "mtoto wa Mungu hatumii vidonge" akaacha ARV, virusi vinazaliana tena, na anaweza kujenga usugu hata akirudi kwenye dawa zile zile zisimsaidie. Mwenye kisukari wa insulini akiacha, ndani ya siku chache anaweza kupoteza fahamu. Muombeeni, mpakeni mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema, na ameze dozi ya jioni.

Kijana_wa_Kwaya

Na zile laana za ukoo? Naambiwa nilipie maombi ya kuvunja.

Msomi_Pembeni

Wagalatia 3:13, Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Ezekieli 18:20, mwana hatauchukua uovu wa baba. Yenye bei ya kuingilia usiende. Kinachorithiwa kweli kwenye ukoo ni damu, madeni na mazoea. Damu ipimwe, madeni yaandikwe na yalipwe, mazoea (ulevi, ukali, kutosema ukweli) yaachwe kwa msaada wa watu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachovunjwa kwa kupiga kelele usiku mmoja.

Mhasibu_Mstaafu

Mimi niongezee kwenye toba, maana Fundi amesema "mpigie mteja" akapita. Pale penye fedha, toba ina hesabu. Hesabu 5:7: rudisha kitu chote, ongeza sehemu ya tano. Mweka hazina wa kikoba aliyekopa kimya kimya 50,000 atarudisha 60,000. Zakayo alijipandishia hadi mara nne. Wale wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walijulikana kwa hili: watu walirudisha vitu walivyoiba, hata vya miaka ya nyuma.

Utaratibu: rudisha kwa aliyeibiwa, si kwa kapu la sadaka. Mwambie kiasi na tarehe bila kueleza sababu ndefu. Kama huna zote, mpe ratiba iliyoandikwa na malipo ya kwanza siku hiyo hiyo, hata kama ni 5,000. Na usitaje shetani.

Mama_Jumuiya

Ila kuna maungamo mengine ni kumtwisha mtu mzigo. Unamwendea dada wa watu: "nimekuonea wivu miaka mitatu, nisamehe." Hakujua, sasa amejua, anaondoka na jiwe lako. Dhambi iliyobaki moyoni iungame kwa Mungu, au kwa mtu mmoja au wawili wanaojua kutunza neno, Yakobo 5:16. Dhambi iliyomfikia mtu, ndiyo upeleke kwake. Na kamwe usiungame kwenye grupu la WhatsApp.

Binti_Mzalendo

Kitu kingine, "wana" kwenye Biblia ni wanaume tu?

Msomi_Pembeni

Kigiriki cha Paulo ndiyo, *huioi* ni neno la kiume, na kwa kawaida mwana wa kiume ndiye aliyetazamiwa kuendeleza nyumba. Paulo anawapa nyote cheo hicho hicho cha mrithi. Wagalatia 3:28 inamalizia "hapana mtu mume wala mtu mke". Kiswahili chetu kina bahati, mwana ni yeyote. Lakini tazama kinachotokea Jumamosi kwenye kikao cha ukoo: binti aliyeitwa "mrithi pamoja na Kristo" kanisani anaambiwa shamba ni la kaka zake, na mzee wa kanisa yuko pale anatikisa kichwa kukubali. Binti watano wa Selofehadi walidai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na jibu la Mungu katika Hesabu 27:7 ni kwamba walinena haki.

Fundi_wa_Neno

Na hapo hapo nyumbani, angalia dada wa kazi. Filemoni 16: "si tena kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Mshahara wake una tarehe? Anakula chakula kile kile, saa ile ile, au anasubiri masalia jikoni? Ana Jumapili yake? Familia inayoanza ibada ya jioni kwa "Baba yetu" huku yeye anaosha vyombo imeshabadilisha maana ya "yetu".

Dereva_Alfajiri

Wakuu, haya yote mazuri ila kuna sisi tunaoamka saa kumi usiku. Daftari na mishale nitaweka wapi? Nipeni kitu cha dakika tano.

Katekista_Zamu

Kaka, tumia Baba Yetu yenyewe. Didake, mojawapo ya maandishi ya Kikristo ya mwanzo, inaagiza isaliwe mara tatu kwa siku, kwa hiyo unayo ruhusa ya kurudia. Lakini usiikimbize. Igawe kwa wiki, kipande kimoja kwa siku, kabla hujawasha gari.

Jumatatu "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe": taja mtu mmoja ambaye leo ataona jina hilo kupitia wewe. Kwa dereva ni konda wako. Jumanne ufalme wako uje. Jumatano mapenzi yako, na hapa kumbuka Gethsemane, Marko 14:36. Neno "Aba" limo mara tatu tu katika Agano Jipya, na Yesu alilitumia siku aliyoomba kikombe kipite na kisipite. Kwa hiyo omba unachotaka waziwazi, kisha useme "si kama nitakavyo mimi". Vyote viwili, usiruke cha kwanza ukajifanya mtakatifu. Alhamisi riziki, na ni ya leo, si hesabu ya mwezi mzima. Ijumaa deni: unayemdai na anayekudai, majina yote mawili. Jumamosi "usitutie majaribuni": jaribu litajwe kwa kituo na saa. Kama ni pale stendi jioni, baada ya kukabidhi hesabu kwa tajiri na baki iko mfukoni, sema hivyo hivyo.

Jumapili iseme nzima, ukiwa na wenzako.

Dereva_Alfajiri

Baki ya jioni. Mtumishi umejuaje 🙆🏾‍♂️. Naanza na Jumamosi.